Ulimi wa Tela: Ufungwe Ndani kwa Pini Ileile

Tela likishafunguliwa na kuachwa uani, hubaki swali ambalo wenye magari ya 4x4 wengi hulijibu kwa haraka: kile chuma cha kuvutia kikae wapi? Wengi hukitupa kwenye buti, wakafunga mlango, safari ikaendelea. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Hapa naeleza kwa nini niliacha, na jinsi chuma hicho kilivyofungwa ndani ya Prado yangu ya kizazi cha 120, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009, bila kutoboa tundu jipya kwenye bodi.

Kifaa chenyewe kina sehemu mbili. Ya kwanza imekazwa kwenye chesisi na haitoki: ni bomba la mraba chini ya bampa, lenye uwazi wa inchi 2. Hili nitaliita mdomo. Ya pili ni kipande kinachoingia humo, chenye kichwa cha mviringo ambacho tela hukikalia. Huu nitauita ulimi. Ulimi huzuiwa mdomoni na pini moja yenye unene wa karibu milimita 16, na pini nayo huzuiwa na klipu ndogo. Wangu, pamoja na kichwa chake, una kilo 6.

Kuuacha nje muda wote si jawabu. Unatokeza nyuma ya bampa, na kila anayepita kubeba mzigo anaweza kuugonga kwa muundi. Ukishuka korongo, unachimba ardhi kabla bampa haijafika. Gari la nyuma likikugonga kwa mwendo mdogo, nguvu ambayo bampa ingeipunguza inakwenda moja kwa moja kwenye chesisi yako na kwenye rejeta ya mwenzako. Kwetu tulio karibu na bahari, kuanzia Mtwara hadi Lamu, kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Ulimi uliokaa mdomoni miezi kadhaa bila grisi hushikana na mdomo kwa kutu, na siku ya kuutoa utahitaji nyundo. Basi utolewe. Lakini usiachwe nyumbani, maana tela hukodiwa au kuazimwa mahali ambapo hukupanga.

Sasa tuupime ukiwa ndani. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linasafiri karibu mita 14 kwa sekunde, na kila kilichomo kinasafiri hivyohivyo. Likigonga ukuta na pua yake ikabonyea nusu mita, gari limesimama kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wa kila kitu kilichomo. Ulimi wa kilo 6 hapo unasukuma mbele kama mzigo wa karibu kilo 120, yaani zaidi ya gunia zima la mahindi. Kama haujafungwa, hausimami na gari. Unaendelea na mwendo wake mpaka ukutane na kiti au mgongo wa mtu. Mwendo huo ni sawa na wa chuma kilichoangushwa kutoka urefu wa karibu mita 10, kimo cha ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 100 kwa saa, nishati yake ni mara nne ya hiyo.

Kuna wanaosema kiti cha nyuma kitauzuia. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu uimara wa viti vya magari, ina jaribio la mizigo ya nyuma: vipande viwili vya umbo la dadu, kila kimoja kilo 18 na upana wa sentimita 30, hupigizwa kwenye migongo ya viti kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ulimi ni mwepesi kuliko vipande hivyo, lakini vile ni vipana na kingo zake zimelainishwa. Ulimi hugonga kwa kona ya mraba au kwa kichwa chenye upana wa sentimita 5. Nguvu yote inakusanyika mahali padogo. Isitoshe, ukirushwa kwa juu unaweza kupita kabisa juu ya kiti.

Na ajali si lazima. Kapeti ya buti huteleza. Breki ya ghafla kwenye lami kavu inatosha kuusogeza ulimi, na barabara ya vumbi yenye mawimbi itauchezesha kila mita hadi uchane kapeti na kuvunja plastiki za pembeni. Gari la 4x4 limeinuka, hivyo hatari ya kupinduka ni kubwa kuliko ya gari dogo. Likipinduka, hata kuuweka ulimi kwenye kisanduku kisicho na kifuniko hakuzuii chochote. Kwa hiyo hifadhi ya kweli lazima izuie mwendo wa mbele, wa nyuma, wa pembeni na wa juu kwa pamoja.

Nilipitia sehemu kadhaa kabla ya kuamua. Chini ya kiti cha dereva niliikataa mara moja: chuma kikiteleza mbele kitaingia chini ya kanyagio la breki, na pale chini mna nyaya. Kwenye keria ya juu, uzito unapanda mahali pabaya zaidi kwa gari lililoinuka, na mwizi hahitaji hata kufungua mlango. Mlango wa nyuma wa Prado hii umeshabeba gurudumu la akiba, na bawaba zake sikutaka kuziongezea mzigo. Nafasi ya pembeni karibu na jeki inavutia kwa macho, lakini kinachoifunika ni plastiki, na plastiki haiwezi kushika gunia la mahindi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa mkanda wa kukazia, uliofungwa kwenye pete za sakafu za kushikia mizigo. Pete zenyewe ni imara. Kilichoshindwa ni mkanda. Kona za ulimi ni kali, na baada ya safari chache za barabara ya vumbi nyuzi zilianza kukatika pale zilipogusa chuma. Tena kila unapoufungua mkanda, lazima ukumbuke kuukaza upya. Hifadhi inayotegemea kumbukumbu ya dereva aliyechoka itasahaulika siku moja.

Ndipo nikageukia mdomo wenyewe. Ulimi tayari una njia ya kufungwa iliyobuniwa kustahimili kuvuta tela. Kwa nini ndani ya gari ufungwe kwa njia dhaifu kuliko hiyo? Nikampelekea fundi wa kuchomelea kazi ya kutengeneza mdomo wa pili, mfupi.

Vifaa vinapatikana kwenye duka lolote la vyuma. Bomba la mraba la milimita 60 kwa 60, unene wa milimita 4, lina uwazi wa milimita 52 ndani. Ulimi wa inchi 2 una milimita 50.8. Inabaki nafasi ya milimita moja na ushee, inayotosha kuuingiza bila nyundo. Tulikata sentimita 15 za bomba hilo, tukatoboa tundu la pini, na kulichomelea juu ya bati nene la milimita 4, urefu sentimita 30 na upana 10. Vyote viwili havizidi kilo 2 kwa pamoja. Uchomeleaji ulifanyika karakanani, mbali na gari. Usikubali fundi achomelee ndani ya buti: chini ya sakafu kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Kwa sababu hiyohiyo sikuruhusu drili kugusa sakafu.

Bati lilikazwa wapi, basi? Prado hii ina viti vya safu ya tatu vinavyofunguliwa na kutolewa. Kiti kimoja nilikitoa, kikaacha mashimo yake yenye nyuzi, ambayo kiwanda kiliyaimarisha ili kushika mtu mzima wakati wa ajali. Mdomo wa pili umekaa hapo, kwa boliti za ukubwa uleule wa zile za kiti. Boliti moja ya daraja la 8.8 yenye unene wa milimita 8 hustahimili mvuto wa zaidi ya tani 2 kabla ya kuanza kurefuka bila kurudi. Mzigo wetu wa kilo 120 hauisumbui. Kinachoamua uimara ni kile boliti inachokishika. Boliti bora iliyokazwa kwenye bati jembamba la bodi, bila washa pana upande wa chini, itachomoka na kuacha tundu.

Mpangilio nao una maana. Bomba limelala kukingama, kutoka upande hadi upande wa gari, chini kabisa na karibu na kiti cha safu ya pili. Ukikaa karibu na kiti, ulimi hauna uwanja wa kuongeza kasi hata kama kitu kitavunjika, na ukiwa chini utakutana na fremu ya kiti kabla ya mgongo wa abiria. Boliti ziko upande wa nyuma wa bati, bomba upande wa mbele. Katika mgongano, bati hutaka kuinuka nyuma na kuegemea ukingo wake wa mbele. Kadiri boliti zinavyokuwa mbali na ukingo huo, ndivyo zinavyovutwa kwa nguvu ndogo.

Marekebisho matatu yalihitajika. Ile nafasi ya milimita moja ilileta kelele barabarani, nikaimaliza kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyogundishwa ndani ya bomba. Boliti za kawaida zilianza kulegea kwa mtikisiko. Nikaweka zenye nailoni kwenye nyuzi zake, nikaziwekea alama ya rangi ili niione mara moja ikiwa yoyote imezunguka. Grisi ya kichwa nayo iliacha kuchafua mizigo nilipokifunika kwa mpira wa tenisi uliokatwa mdomo.

Faida kubwa kuliko zote sikuitarajia. Pini inayofunga ulimi nyuma ya gari ndiyo inayoufunga ndani. Haina pa kupotelea: ama iko kazini nje, ama iko kazini ndani, na klipu yake iko nayo.

Tahadhari moja kwa wanaosafiri porini. Gari likikwama, usifunge kamba ya kukwamulia kwenye kichwa cha ulimi. Kichwa kimetengenezwa kuvuta tela linalobiringika. Kikikatika chini ya kamba iliyonyooka huruka kama risasi, na kimeshaua watu. Tumia kifaa cha kukwamulia chenye shakeli iliyoandikwa uwezo wake.

Kwa hesabu na kwa matumizi, hukumu yangu ni kwamba mkanda ni wa dharura, na kisanduku bila kifuniko ni mapambo. Ulimi wa tela ukae ndani ya mdomo wa chuma, umefungwa kwa pini yake, na mdomo huo ukazwe mahali ambapo kiwanda kilikusudia kushika uzito wa mtu. Kabla hujawasha gari tena, fungua buti yako utazame chuma kile kimelala wapi na nani atakayeketi mbele yake. Kama hakijafungwa, kifunge leo.