Dai la Kilwa: Kutoka Lubumbashi hadi Banjul

Septemba 2004, bodi iliyoketi Washington iliridhia bima ya zaidi ya dola milioni 13 kwa mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtoa bima alikuwa MIGA, tawi la Benki ya Dunia linalowakinga wawekezaji na hasara za kisiasa, na miongoni mwa hatari zilizotajwa ni vita na ghasia za kiraia. Ghasia hazikukawia. Tarehe 14 Oktoba kikundi kidogo cha waasi wenye silaha duni kiliingia Kilwa, mji wa wavuvi kandoni mwa Ziwa Mweru, ambako ndiko madini ya Dikulushi yalikopakiwa kuvushwa kwenda Zambia. Siku iliyofuata jeshi la Kongo likaurudisha mji mikononi mwake. Watu zaidi ya 70 walikufa, baadhi wakiuawa bila kesi. Nyumba zilipigwa mabomu na nyingine zikaporwa.

Hasara ya mgodi ilikuwa ikiandaliwa mahali pa kupelekwa. Hasara ya mwenye duka haikuwa napo. Tangu 1966 nchi nzima ilikuwa na kampuni moja ya bima, SONAS ya serikali, na ukiritimba wake uliondolewa kwa sheria ya Machi 2015 tu. Hata mtu wa Kilwa ambaye angekuwa na karatasi ya bima ya moto, dai lake lingegonga ukuta: bima za kawaida za nyumba huondoa hasara za vita na uasi, isipokuwa mteja amelipia kinga hiyo kando.

Basi waliopoteza ilibidi watafute mdaiwa mwingine, na hapo ndipo kesi ya Kilwa inapokuwa somo kwa yeyote mwenye dai lililokataliwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi. Oktoba 2006 mwendesha mashtaka aliwashtaki Kanali Ademar Ilunga, aliyewaongoza wanajeshi waliourudisha mji, askari wengine na wafanyakazi watatu wa kigeni wa Anvil Mining, kampuni ya mgodi, ambayo magari na ndege zake vilitumiwa na jeshi. Kampuni ilikana kosa lolote, ikisema vyombo hivyo vilichukuliwa kwa amri ya serikali. Waathirika waliingia kama upande wa madai ndani ya kesi ya jinai. Njia hiyo ni nafuu, lakini ina mtego wake: fidia yako inaning'inia kwenye hatia ya mtu mwingine. Tarehe 28 Juni 2007 washtakiwa wote waliachiliwa kwa mambo ya Kilwa. Mahakama ilisema watu walikufa katika mapigano. Hatia ilipoanguka, fidia nayo ikaanguka.

Wakageukia kampuni yenyewe. Jaribio la kufungua kesi Perth, Australia, lilikwama. Novemba 2010 chama cha kupinga kutoadhibiwa kilifungua kesi ya pamoja Montreal, Kanada. Hakimu wa kwanza alikubali mwaka 2011 kwamba kesi isikilizwe huko. Januari 2012 Mahakama ya Rufani ya Quebec ikatengua. Sababu yake inafaa kusomwa polepole: ofisi ya Anvil ya Montreal ilifunguliwa 2005, baada ya mauaji, kwa hiyo kesi haikuhusu shughuli za ofisi hiyo. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kusikiliza rufani. Hakuna aliyeamua kama Anvil ilikosea au la. Dai lilikufa kwa swali la anwani na tarehe.

Kumbe mwezi uleule wa Novemba 2010 mlango mwingine ulikuwa umegongwa, na huu ndio uliokuwa na akili zaidi. Mashirika ya haki za binadamu ACIDH ya Lubumbashi, RAID ya Uingereza na IHRDA ya Gambia yaliishtaki serikali ya Kongo mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, kwa niaba ya waathirika wanane. Hapa haikuhitajika kuthibitisha askari gani alifyatua risasi gani. Ilitosha kuonyesha kwamba waliofanya ni wanajeshi wa serikali, kwamba serikali ina wajibu kwa vitendo vyao, na kwamba mahakama za nyumbani hazikutoa nafuu. Ushahidi ulikuwepo: wachunguzi wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani nchini Kongo, walifika Kilwa mwezi uleule wa mauaji, wakaandika kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Uamuzi uliopitishwa 2016 na kutangazwa 2017 uliikuta Kongo na hatia, ikiwa ni pamoja na kuvunja kifungu cha 14 cha Mkataba wa Afrika, kinacholinda mali. Tume ilitaka waathirika hao wanane na familia zao walipwe dola milioni 2.5, waathirika wengine watafutwe na kulipwa, waliohusika wachunguzwe, wakiwemo wa kampuni, na serikali iombe radhi.

Kuhusu bima ya mgodi, mchunguzi wa malalamiko wa Benki ya Dunia alichapisha ripoti mwaka 2006 akiikosoa MIGA kwa kutochunguza vya kutosha suala la usalama na haki za binadamu Dikulushi. Ripoti hiyo haikumpa mwenye nyumba wa Kilwa hata senti moja, na kwa kweli haikuundwa kwa kazi hiyo.

Udhaifu wa Banjul uko mwishoni mwa safari. Tume hutoa mapendekezo. Haina dalali wa kwenda Kinshasa kukamata mali ya serikali. Miaka ikapita baada ya uamuzi, na mashirika yaliyoshinda yakaendelea kudai malipo. Fedha hizo ni deni lenye kiasi, tarehe na majina ya wadai, na serikali ya Kongo inapaswa kuliingiza katika bajeti na kulilipa.