Pula ya Fundi wa Samuye
Hongereni, mafundi wa Samuye mnaohudumia magari ya barabara ya Tinde–Shinyanga. Beringi iliyoganda ukiipiga nyundo, unaumiza shafti. Ninyi mnajitengenezea pula, kifaa cha kuing'oa beringi kwa kuivuta. Kipande kinene cha chuma kinakatwa, kinatobolewa katikati, nati inachomelewa juu ya tundu. Makucha mawili yanapigwa tupa mpaka yaingie sawasawa nyuma ya beringi. Bolti ya milimita 16 inapita kwenye nati na kusukuma shafti, meno yake yameachana milimita 2: izungushe mara moja, beringi inasogea milimita 2, taratibu, bila kishindo. Na ncha ya bolti, jamani! Imekerezwa mviringo, ikapakwa grisi, isije ikakwaruza shafti ya mteja. Hapo ndipo mlipouteka moyo wangu.