Hukumu na Mfanano wa Sauti katika Isaya 5:1-7

Wimbo wa shamba la mizabibu huanza kama wimbo wa mapenzi, kisha wakazi wa Yerusalemu na watu wa Yuda wanatakiwa kuamua. Hadhira inakalishwa kwenye kiti cha hakimu kabla ya kutambua kuwa ndiyo mshtakiwa. Kilele kimo katika aya ya 7: Mungu alitazamia mishpat (haki), akaona mispah (umwagaji damu), alitazamia tsedaqah (uadilifu), akasikia tse'aqah (kilio). Uasi wa taifa, basi, unasawiriwa kama haki iliyoghushiwa: hufanana na haki masikioni, ilhali aya ya 8 yawataja wanaolimbikiza nyumba na mashamba. Tafsiri ya Kiswahili huhifadhi maana, lakini mfanano huo hupotea, na pamoja nao uzito wa mashtaka.