Mashtaka Yakiondolewa, Mtu Ametakaswa?

 

Kila mshtakiwa anapotoka mahakamani baada ya mashtaka yake kuondolewa au kufutwa, maneno mawili husikika barazani na wakati mwingine hata juu ya mimbari. La kwanza ni kuwa wakili amemwokoa mwovu kwa ujanja. La pili ni kuwa serikali imemsamehe. Sisi tunaona kuwa yote mawili yana kasoro, na kasoro hizo zinawadhuru watu walio hai.

Kazi ya wakili

Ilivyo ni kuwa wakili wa utetezi hana uwezo wa kuondoa mashtaka. Awezalo ni kuonyesha ubovu wake. Kwa Tanzania Bara, njia zake zinajulikana. Kwanza, hutazama hati ya mashtaka: je, kosa limewekwa chini ya kifungu chake, na maelezo yake yanatosha mtu kujua anatuhumiwa nini? Pili, hutazama mamlaka: je, mahakama hii inaruhusiwa kulisikiliza kosa hili, na pale sheria inapotaka ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kama ilivyo katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, ridhaa hiyo ipo? Tatu, ushahidi wa upande wa mashtaka ukimalizika, huiomba mahakama itamke kuwa mteja wake hana kesi ya kujibu. Nne, humwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka kumweleza kwa nini ushahidi hautoshi, naye akiridhika huliondoa shauri mwenyewe.

Wanaomlaumu wakili huleta Aya ya 105 ya Suratun-Nisaa, inayokataza kuwatetea wahaini. Hapana shaka ni dalili nzito. Lakini tuitazame sababu ya kushuka kwake. Kama walivyopokea wafasiri wengi, Aya hizo zilishuka kuhusu wizi wa deraya, ambapo jamaa za mwizi walisimama kumtetea, na lawama ikatupwa kwa Yahudi asiyekuwa na hatia. Qur'ani ikawakemea waliomtetea khaini huku wakijua, na papo hapo ikamtakasa aliyesingiziwa, ingawa hakuwa Muislamu. Basi Aya inayoletwa kumshutumu wakili ni hoja pia ya kumtetea aliyedhulumiwa.

Na uwakilishi katika mashauri si bidaa ya wakoloni. Sayyidna Ali (R.A.) alimuwakilisha nduguye Aqil, na Aqil alipokuwa mzee akamuwakilisha Abdullah bin Jaafar. Imam Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya mpinzani. Wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad hawakuishurutisha. Khilafu yao ilikuwa katika sharti, si katika asili ya jambo.

Shaka na mipaka yake

Kanuni ya kuwa adhabu za hudud huepushwa kwa shubha inafahamika kwa kila mwanafunzi wa fiqhi. Wanachuoni wa Hadith wameitia udhaifu isnadi yake inapofikishwa kwa Mtume (S.A.W.), na Ibn Hazm ameikataa kabisa. Hata hivyo maana yake imepokewa kutoka kwa Masahaba, na fuqahaa wa madhehebu manne wameifanyia kazi. Inatosha kisa cha Maiz, aliyekuja kukiri zinaa mwenyewe: Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara kwa mara na kumuuliza kama pengine hakufikia kosa lenyewe. Ikiwa kadhi anatakiwa kuitafuta shubha, vipi wakili alaumiwe kwa kuionyesha?

Lakini mipaka ipo. Shubha huangusha haddi. Haihalalishi mali ya mtu. Katika Hadith ya Ummu Salama (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa anayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja amepewa kipande cha moto. Onyo hilo linamhusu mteja na wakili wake anayejua.

Kuachiwa kusikokamilika

Hapa ndipo lilipo lawama letu kubwa. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, mwendesha mashtaka akiondoa shauri katika mahakama za chini kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mtu huachiwa lakini anaweza kushtakiwa tena. Akiliondoa baada ya hapo, mtu huachiwa huru moja kwa moja. Huo ni uadilifu. Lakini sheria hiyo hiyo, ilivyotungwa, ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kusitisha shauri wakati wowote kabla ya hukumu, na kuachiwa huko hakukuwa kinga dhidi ya mashtaka mapya.

Tarehe 18 Februari 2022 Mahakama Kuu ilisema Freeman Mbowe na wenzake wana kesi ya kujibu katika mashtaka ya ugaidi. Tarehe 4 Machi mashtaka yakaondolewa. Hakuna mahakama iliyosema wana hatia wala hawana.

Kizito zaidi ni cha masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, akiwamo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem. Walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Mawakili wao walipinga mahakama za Bara kusikiliza mambo yaliyodaiwa kutendeka Zanzibar. Mashtaka yaliondolewa Juni 2021, baada ya takriban miaka 7 ya mahabusu, bila hukumu ya hatia wala ya kutakaswa.

Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ametaja khilafu kuhusu muda wa kumfunga mtuhumiwa kwa ajili ya uchunguzi. Az-Zubayri, katika Mashafii, aliuwekea mwezi mmoja. Wengine wakauacha kwa ijtihadi ya mtawala. Tukichukua hata kauli pana zaidi, ijtihadi ni kupima jambo kwa haki. Miaka 7 ya kuahirisha haina kipimo.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Watunga sheria waipeleke juu kanuni ya mahakama za chini: mtu aliyekwisha kuitwa kujitetea, shauri lake likiondolewa na yeyote yule, aachiwe huru kwa hukumu isiyorudiwa. Nasi Waislamu tukumbuke kuwa asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, na yakini haiondolewi kwa shaka. Aliyerudi kutoka mahabusu apewe kazi, aozeshwe, na aswalishe kama alivyokuwa akiswalisha. Kumwita gaidi ni kumhukumu kwa mashtaka ambayo mwenye kuyaleta ameshindwa kuyasimamisha.

Wallahu aalam.