Marehemu Asiye na Jina la Utani

Kuna utanzu mmoja wa maandishi ya Kiswahili ambao huenda mwaka huu umeusoma mara nyingi kuliko hadithi fupi au mashairi, na bado sioni wahakiki wakiugusa. Ni tanzia ya mwanadarasa. Inaandikwa usiku, kwa simu, na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni uhasibu au ualimu au kuuza vipuri. Inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza pamoja kidato cha nne au cha sita, na ndani ya dakika chache watu 60 wameshaisoma. Washairi wetu wangapi wanapata wasomaji wa namna hiyo?

Umbo lake unalijua. Neno TANZIA kwa herufi kubwa, uongozi wa kundi unasikitika kutangaza, msiba uko wapi, safari ya kwenda kuzika ni lini, mchango utumwe namba gani na jina gani litatokea. Chini yake inashuka mishumaa na mikono iliyounganishwa, Waislamu kwa maneno yao na Wakristo kwa maneno yao. Kisha inakuja orodha ya michango: namba, jina, kiasi, tiki kwa aliyelipa, neno "ahadi" kwa ambaye bado. Mimi orodha hiyo huisoma kwa makini kuliko tanzia yenyewe. Ina wahusika na ina mvutano. Aliyekuwa akikopa sukari ya kila mtu bwenini yuko namba mbili na ametoa 50,000, na aliyekuwa kiranja wa nidhamu bado ni ahadi mpaka siku ya tatu.

Lawama yangu iko kwenye aya ya wasifu. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, mshauri mzuri na mcha Mungu. Badilisha jina tu, aya hiyo itamfaa yeyote kati yetu 60, hata mimi ambaye kati ya sifa hizo nina mbili kwa kubahatisha. Nimezipitia tena tanzia zote za kundi letu nilizonazo kwenye simu. Ziko saba, maana tuko kwenye miaka ya thelathini na tumeshaanza kuondoka. Katika hizo saba, marehemu ni mtu yule yule.

Nadhani chanzo ni kwamba tumeazima sauti isiyo yetu. Aya ile ni nakala ya wasifu wa marehemu unaosomwa na ndugu msibani: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, kuugua, ameacha mjane na watoto watatu. Ndugu wana sababu ya kusoma hivyo. Wanazungumza mbele ya wakwe, mbele ya mwajiri, mbele ya mchungaji au shehe. Lakini mtu mliyelala naye dabodeka moja kwa miaka minne, yeye juu wewe chini, unaye kipande ambacho pale msibani hakuna mwingine aliye nacho. Mjane hakuwepo. Watoto hawakuwepo. Hata mama yake alimwona likizo tu. Kwenye wasifu wa familia miaka hiyo inapewa mstari mmoja, alisoma sekondari fulani kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, na sisi tulioishi ndani ya mstari huo tunaurudia kama ulivyo.

Na hatukosi mfano wa kufuata. Katika jamii nyingi za Tanzania msiba una mtu maalumu wa kusema yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema, naye ni mtani. Wanyamwezi na Wazaramo wanautumia utani wao mpaka leo, utani ambao kwa kawaida husimuliwa kuwa ulizaliwa katika misafara ya zamani ya kwenda Pwani, na makabila mengine yana jozi zao. Mtani anaingia msibani anamwigiza marehemu: anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai deni lake mbele ya watu, anakataa kaburi lisifunikwe mpaka apewe chochote. Watu wanacheka huku wanalia. Ukitazama kwa jicho la fasihi, ule ni uchoraji wa mhusika, tena wa hali ya juu, kwa sababu mwigizaji akikosea hata mkao wa bega, wafiwa wote wanajua.

Mwanadarasa ni mtani wa kizazi chetu. Sisi tuliochanganywa mabwenini, mtoto wa Kagera na mtoto wa Mtwara, makabila hatukuyatilia sana maanani. Tulipeana majina, na jina la bweni likawa ndiyo jina.

Mwaka jana tulimpoteza mmoja wetu ambaye shuleni alikuwa taimkipa. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na yeye alikuwa na kosa moja maarufu: kengele ya chakula cha jioni ilikuwa ikilia mapema, na ya prepo ilikuwa ikichelewa. Hakuwahi kukiri. Jina lake lilitokana na mlio wa ile ringi, na sisi wote mpaka harusi yake tulimwita hivyo. Tanzia yake ikaja: mcheshi, mpenda watu, mchapakazi.

Usiku wa pili mmoja akatuma sauti ya sekunde 40 hivi. Kwanza anagonga sufuria kwa kijiko, mlio ule ule, mipigo mitatu ya haraka na mmoja wa kuvuta. Halafu anaiga sauti ya marehemu akijitetea mbele ya mwalimu wa zamu kwamba saa ya ofisi ndiyo mbovu. Halafu kimya kidogo. Halafu anasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, "Leo umewahi tena, bwana." Basi.

Haikukaa hata nusu saa. Wawili wakaandika tuheshimu marehemu, mmoja akasema humu kuna wadogo zake, kiongozi wa kundi akaifuta. Kwangu lile lilikuwa andiko bora kuliko yote yaliyowahi kutumwa humo ndani, na lilifutwa kwa kuwa bora: kwa mara ya kwanza katika misiba saba, aliyekufa alikuwa mtu fulani.

Hoja ya heshima siipuuzi. Utani una masharti. Mtani wa kweli hachekeshi kisha akaondoka, anachimba kaburi, anapasua kuni, anasimamia kazi za msiba wakati ndugu wamekaa. Haki ya kumtania maiti inalipiwa kwa jasho. Lakini yule bwana alikuwa ameshailipa. Alikuwa namba moja kwenye orodha ya michango na ndiye aliyepanda basi la alfajiri kwenda kuzika. Waliotaka ifutwe, wawili kati yao walikuwa bado ni ahadi.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, wala si wa simu. Mwezi Agosti 1637 kijana aitwaye Edward King, wa Christ's College pale Cambridge, alizama baharini akisafiri kutoka Chester kwenda Ireland. Mwaka uliofuata, 1638, wenzake wa chuo wakatoa kitabu cha maombolezo, nusu ya kwanza mashairi ya Kilatini na Kigiriki, nusu ya pili ya Kiingereza. Kwa ukweli lilikuwa kundi la darasa, tofauti ni kwamba lilipigwa chapa. Shairi la mwisho kabisa ni "Lycidas" la John Milton, aliyesoma chuo hicho hicho na King. Leo mashairi mengine yote yamesahauliwa, hilo limebaki.

Ni shairi kubwa, ukilisoma kwa sauti linakubeba. Ila jaribu kumtafuta King ndani yake. Milton anajichora yeye na mwenzake kama wachungaji wawili waliolisha kundi moja kwenye kilima kimoja, na kuna mzee mmoja aliyependa kusikia nyimbo zao, ambaye wasomi wanakisia kuwa ni mwalimu wao. Hapo ndipo tunapokaribia bweni, na hatuingii. Baada ya hapo shairi linageukia hofu ya Milton mwenyewe, kwamba mtu anaweza kusoma kwa bidii miaka yote akafa kabla ya kuandika chochote cha maana, na linageukia pia hasira yake kwa makasisi wabovu. Samuel Johnson, zaidi ya miaka 100 baadaye, alililaumu kwa ubaridi: mwenye huzuni ya kweli anapata wapi nafasi ya kubuni miungu na mbuga za kondoo? Wahakiki wamebishana na Johnson mpaka leo, na mimi kwa upande wa lugha nambishia. Kuhusu marehemu ananishinda. King alikuwa akicheka vipi? Hatujui.

Tennyson naye alimpoteza rafiki wa chuo, Arthur Hallam, aliyefia Vienna mwaka 1833 akiwa na miaka 22. Akaandika kwa miaka 17, kitabu In Memoriam kikatoka 1850. Sipendi kila kurasa zake, kuna sehemu anahubiri mno. Lakini kuna mahali anarudi chuoni, anatembea mpaka kwenye chumba cha Hallam, anakuta mlangoni jina la mtu mwingine. Ndani vijana wanaimba, wanapiga makofi, glasi zinavunjika. Anasimama nje. Pale tu ndipo ninapomwamini moja kwa moja, na ona alichotumia: mlango, jina, kelele za bweni. Tunavyo hivyo vyote.

Kundi letu sasa lina kamati inayokusanya kijitabu cha kuwakumbuka wote saba, kitakachogawiwa kwa familia. Tumepewa maneno 150 kwa kila marehemu, na maelekezo kwamba tuandike "mazuri tu". Maneno 150 yanatosha, tanzia nyingi zimeharibiwa na urefu. Hilo la pili nimelitafsiri kwa namna yangu. Aya yangu ya taimkipa ina ringi ya lori, ina maharage ya jioni yaliyokuwa hayajaiva vizuri kwa sababu kengele iliwahi, ina mwalimu wa zamu anayetazama saa yake mara mbili. Neno mcheshi halimo. Nimemtumia mdogo wake kwanza aisome, akajibu kwa swali moja: hiyo ringi bado ipo? Jumamosi tunakwenda kuangalia.