Kuisaka Jeni ya Usugu
Usaha wa mgonjwa aliyelazwa Kisii au Nyamira hufika maabara kwenye kijiti chenye ncha ya pamba. Mtaalamu huanza kwa kulinganisha lebo na fomu. Kisha hupaka ncha hiyo pembeni mwa sahani ya agari ya MacConkey, hushika kitanzi na kuvuta mistari inayozidi kuwa myepesi, hadi bakteria wabaki mmojammoja. Sahani hulala ndani ya inkubeta, nyuzi 35 hadi 37.

Kesho yake huchagua koloni moja iliyojitenga. Huikoroga katika maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, huitandaza juu ya agari ya Mueller-Hinton, kisha huweka visahani vya karatasi vilivyotiwa dawa. Siku inayofuata hupima kwa milimita duara lililo wazi kuzunguka kila kisahani. Penye seftriaksoni, bakteria wamestawi hadi ukingoni. Dawa imeshindwa, lakini rula haisemi kwa nini.

Hapo ndipo jeni ya usugu husakwa. Koloni huchemshwa ili bakteria wapasuke, huzungushwa kwenye sentrifuji, mabaki yakatulia chini na DNA ikabaki katika maji ya juu. Mchonga mawe wa Tabaka, kule Kisii, hulipapasa jiwe lake akajua lilipofika; mtaalamu wa maabara hana cha kupapasa. Hubadilisha ncha ya pipeti kila tone, kwa sababu mashine ya PCR, inayonakili DNA, itapasha joto hadi karibu nyuzi 95, itapoza, itapandisha hadi 72, na kwa mizunguko 30 kipande kimoja chaweza kuzaa nakala bilioni. Uchafu nao huzaa vivyo hivyo. Kwa hiyo huandaa mirija miwili zaidi: mmoja wenye jeni inayojulikana, mwingine maji matupu.

Mizunguko ikiisha, umeme huivuta DNA ndani ya jeli ya agarosi, vipande vifupi vikitangulia. Chini ya mwanga wa urujuanimno, mtaalamu hutazama kwanza mstari wa maji. Ukionyesha chochote, hutupa yote na kuanza upya. Ukiwa mtupu, na ule wa jeni inayojulikana uking'aa panapostahili, ndipo huugeukia wa mgonjwa na kuandika jina la jeni ya usugu: blaCTX-M, ipo.

Daktari atatafuta dawa nyingine. Muuguzi naye atazidi kuosha mikono kati ya kitanda na kitanda, maana jeni hii mara nyingi hukaa kwenye plazimidi, kijiduara cha DNA, na bakteria hupeana plazimidi.