Hongera kwa Mbuni wa Daraja la Gitaa
Uzi wa gitaa ukibonyezwa hukazika, na sauti yake hupanda kidogo. Nyuzi nene hupanda zaidi, ndiyo maana gitaa lililosawazishwa vizuri huweza kupotoka sauti ukipiga sehemu ya juu ya shingo.

Ted McCarty, rais wa kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, Marekani, alibuni dawa: daraja la chuma lenye vitandiko sita vya nyuzi, kila kimoja na skrubu yake ya kukisogeza mbele au nyuma mpaka uzi uimbe sawasawa. Magurudumu mawili madogo hulipandisha na kulishusha. Lilitokea mwaka 1954 kwenye gitaa la Les Paul Custom, na bado linatengenezwa. Kazi safi kabisa!

Mpiga gitaa, shika bisibisi: noti ya freti ya 12 iwe oktava kamili ya uzi ulio wazi.